Matunzo ya matairi ya malori ya masafa marefu: upepo, mzigo na usalama

Lori la semi-trela lenye ekseli 6, la aina inayobeba mizigo ya nchi jirani kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa, hutembea juu ya matairi 22. Baada ya mafuta, matairi ni miongoni mwa gharama kubwa za msafirishaji. Tairi likipasuka porini, hasara huanzia kwenye tairi lenyewe na kuendelea hadi kwenye siku za kuchelewa, mzigo kuharibika na, mara nyingine, maisha ya watu.

Wengi huilaumu barabara tairi linapopasuka. Ukweli ni kwamba matairi mengi huwa yameshaumia siku nyingi kabla ya kupasuka, kutokana na upepo mdogo na mzigo mkubwa. Mambo hayo mawili yanaweza kuzuiwa kabla lori halijatoka yadi.

Joto ndilo adui mkubwa

Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi kila linapozunguka. Kujikunja huko huzalisha joto ndani ya mpira na nyuzi za chuma. Joto likizidi, tabaka za tairi huanza kuachana, na mwishowe meno ya juu hubanduka au ubavu hupasuka. Mwendo kasi, jua kali na mzigo uliozidi huongeza joto hilo.

Kanuni inayofuatwa na mafundi wa matairi ni hii: tairi lililotembea likiwa na asilimia 80 au chini ya hapo ya upepo unaotakiwa lihesabiwe kuwa limetembea bila upepo. Tairi la psi 120 likikutwa na psi 96 lisiongezwe upepo tu na kuendelea na safari. Livuliwe kwenye rimu na kukaguliwa ndani.

Kupima upepo

Upepo hupimwa asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa la baridi. Lori likishatembea, upepo ndani hupata joto na kipimo hupanda. Hiyo ni kawaida. Dereva anayepunguza upepo wa tairi la moto kwa kuona umezidi anajitengenezea tairi pungufu la kesho.

Kugonga tairi kwa rungu au chuma hakutoshi. Mlio unaweza kuonyesha tairi lililoisha upepo kabisa, lakini hauwezi kutofautisha psi 120 na psi 95. Kila lori liwe na geji yake nzuri, na ilinganishwe mara kwa mara na geji nyingine inayoaminika.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Lori lililojazwa upepo mchana wa joto Dar es Salaam litapimwa tofauti asubuhi ya baridi huko Makambako au Mbeya, kwani upepo uliopoa hupungua nguvu kwa psi kadhaa. Kwa hiyo kipimo cha safari ndefu kisiishie siku ya kuondoka tu. Spea tairi nalo lipimwe, pamoja na kuhakikisha kila valvu ina kifuniko chake.

Matairi pacha

Tairi la ndani katika matairi pacha ndilo husahaulika zaidi, kwa kuwa ni gumu kulifikia. Chukua mfano wa ekseli yenye matairi manne iliyobeba tani 10. Kila tairi hubeba tani 2.5. Tairi moja likiisha upepo, mwenzake hubeba tani 5 peke yake. Dereva anaweza kwenda kilomita nyingi bila kuhisi lolote kwenye usukani, kisha la pili nalo hupasuka au hushika moto.

Matairi pacha yawe na saizi moja, aina moja na uchakavu unaokaribiana. Likiwa moja ni refu kuliko jingine, hilo refu hubeba mzigo mkubwa zaidi na fupi huburutwa. Mawe yaliyobana katikati yatolewe kila lori linaposimama.

Namba za ubavuni

Ubavu wa tairi una taarifa ambazo mnunuzi anapaswa kuzisoma kabla ya kulipa. Tairi la 315/80R22.5 lenye alama 156/150 L, kwa mfano, linaweza kubeba kilo 4,000 likiwa peke yake na kilo 3,350 likiwa pacha. Herufi L ni kikomo cha mwendo cha kilomita 120 kwa saa. Uwezo huo hupatikana tu tairi likiwa na upepo kamili uliowekwa na mtengenezaji.

Namba hizo zinahusiana moja kwa moja na mizani. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani. Matairi mawili ya kilo 4,000 hufika tani 8 kamili, bila akiba yoyote. Ndiyo maana upepo wa matairi ya mbele haupaswi kupungua hata kidogo, na mzigo uliosukumwa mbele kupita kiasi huumiza matairi hata kama uzito wote wa gari haujavuka tani 56.

Tarakimu nne baada ya herufi DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno marefu lakini mpira wake umekauka na ubavu umejaa nyufa. Tairi la namna hiyo halifai kwa safari ndefu yenye mzigo.

Matairi ya ritredi, yaani ganda la zamani lililovalishwa meno mapya, yanaweza kupunguza gharama iwapo ganda lilikuwa zima. Mahali pake ni kwenye trela. Mbele, ambako tairi likipasuka usukani huvutwa ghafla, wekwe matairi mapya yasiyo na viraka.

Milima na foleni za mpakani

Kwenye miteremko mirefu kama Kitonga, joto la breki hupita kwenye rimu na kuingia kwenye tairi. Dereva atumie gia ndogo na breki ya injini badala ya kukanyaga breki mfululizo. Baada ya mteremko, matairi ya moto yasimwagiwe maji.

Lori likikaa siku kadhaa na mzigo kwenye foleni ya Tunduma au Malaba, tairi lenye uvujaji mdogo hupungua taratibu bila mtu kuona. Upepo upimwe tena kabla ya kuvuka, kwani upande wa pili huenda saizi inayotakiwa ikawa adimu au ikauzwa ghali.

Uchakavu unasema nini

• Kuisha kingo zote mbili: upepo mdogo au mzigo mkubwa.
• Kuisha katikati: upepo umezidi.
• Kuisha upande mmoja: ekseli au magurudumu hayajanyooka.
• Kuisha kwa mabaka: springi zimelegea, au breki zinabana na kuburuza tairi.

Ndani ya mifereji kuna vinundu vya kupimia vyenye urefu wa milimita 1.6. Meno yakilingana navyo, tairi limekwisha.

Hatari wakati wa kujaza upepo

Utingo na mafundi wa pancha ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Tairi lililotembea bila upepo huwa limekatika nyuzi za chuma ubavuni, na linapojazwa tena linaweza kupasuka kwa nguvu ya kuua. Rimu za zamani zenye ringi nazo zinaweza kurusha ringi hiyo.

Upepo wote utolewe kabla ya kulegeza rimu ya ringi. Tairi lililotengenezwa lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wenye kichwa kinachojishika kwenye valvu, na anayejaza asimame mbali, asiwe mkabala na ubavu. Sauti ya kukatika-katika ikisikika, upepo ufungwe na utolewe mara moja.

Daftari la matairi

Msafirishaji anashauriwa kuandika namba ya kila tairi, tarehe lilipofungwa, mahali lilipo na kilomita za gari. Tairi la shilingi 700,000 likitembea kilomita 100,000 limegharimu shilingi 7 kwa kilomita. La shilingi 500,000 likifa kwenye kilomita 50,000 limegharimu shilingi 10. Bila daftari, mwenye lori ataendelea kuliita la pili rahisi.