Futa Vidakuzi Utakavyo, Bado Wanakujua

Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape huko California, alikuwa na umri wa miaka 23 na tatizo la duka mkononi. Tovuti za enzi hizo hazikuwa na kumbukumbu. Mteja akichagua bidhaa kwenye ukurasa mmoja kisha akafungua mwingine, tovuti ilimpokea kama mgeni anayebisha hodi kwa mara ya kwanza. Njia rahisi ilikuwa kukipa kila kivinjari nambari ya kudumu. Montulli aliikataa, kwa kuwa nambari hiyo ingeziwezesha tovuti zote kumfuata mtu kokote aendako. Akabuni kidakuzi: faili dogo ambalo tovuti huliacha kwenye kompyuta ya mtumiaji, na ni tovuti hiyohiyo tu inayoweza kulisoma.

Tahadhari hiyo ilikuwa na tundu. Ukurasa mmoja huweza kubeba matangazo yanayotoka kwenye seva za kampuni nyingine, na kila seva iliruhusiwa kuacha kidakuzi chake. Kampuni ya matangazo ya DoubleClick, iliyoanza kazi 1996, ilipenya hapo. Aliyesoma gazeti asubuhi na kutazama viatu jioni alikuwa, machoni pa kampuni hiyo, mtu yuleyule, mradi tovuti zote mbili zilibeba matangazo yake. Mwaka 1999 ikainunua Abacus Direct, iliyohifadhi kumbukumbu za manunuzi ya kaya za Marekani, ikinuia kuoanisha majina halisi na vidakuzi. Kelele zikapigwa, na Machi 2000 mpango ukawekwa kando. Biashara yenyewe ilinawiri: Google iliinunua DoubleClick kwa dola bilioni 3.1, na ununuzi ukakamilika 2008.

Watu wakajifunza kufuta vidakuzi. Watangazaji nao wakajifunza kuvifufua. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waligundua kuwa zaidi ya nusu ya tovuti 100 maarufu zilitumia hifadhi ya programu ya Flash, ambayo haikuguswa na kitufe cha kufuta vidakuzi. Baadhi zilichukua nakala iliyojificha humo na kukirudisha kidakuzi kilichokwisha kufutwa.

Hata hivyo, hilo lilikuwa jambo dogo likilinganishwa na lililofuata: kumtambua mtu bila kuacha kitu chochote kwenye kifaa chake. Kivinjari kinapofungua ukurasa hujieleza bila kuulizwa sana: toleo lake, ukubwa wa skrini, lugha, ukanda wa saa, fonti zilizomo. Kila kimoja peke yake hakisemi mengi. Vikijumlishwa, humtaja mwenyewe. Mwaka 2010 Peter Eckersley wa Electronic Frontier Foundation, shirika la kutetea haki za kidijitali, alitoa matokeo ya kupima vivinjari 470,161, ambavyo wenye navyo walivileta kwa hiari. Asilimia 83.6 ya vivinjari hivyo havikuwa na pacha. Kibaya zaidi, baadhi ya zana za kujificha zilimwanika mtumiaji, kwa sababu ni wachache waliozitumia. Ni kama kuvaa barakoa peke yako sokoni. Ndiyo maana Tor, kivinjari cha kulinda faragha, huwafanya watumiaji wake wote wafanane.

Mwaka 2014 watafiti wa vyuo vikuu vya Princeton na KU Leuven walikuta mbinu nyingine kwenye asilimia 5.5 ya tovuti 100,000 zinazotembelewa zaidi. Ukurasa hukiamuru kivinjari kichore maandishi ambayo mtumiaji hayaoni. Kadi ya picha na fonti za kila mashine huyachora kwa tofauti ndogo mno, na tofauti hizo hugeuzwa kuwa msimbo wa kuitambua. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na vitufe vya kushirikisha habari vya AddThis.

Kampuni za simu nazo hazikukaa nyuma. Verizon ya Marekani iliwahi kupachika msimbo kwenye mawasiliano ya wateja wake yakiwa njiani, hivyo kwenye simu hapakuwa na cha kufuta. Mwaka 2016 ilitozwa dola milioni 1.35, ambazo kwa kampuni ya ukubwa ule ni hela ya chai.

Kisa cha Juni 2025 kinawahusu zaidi wasomaji wa Afrika Mashariki, ambako simu nyingi janja ni za Android. Watafiti wa Hispania, Uholanzi na Ubelgiji walifichua kwamba programu za Facebook na Instagram, zote za kampuni ya Meta, zilikuwa zikisikiliza kimyakimya ndani ya simu hizo. Mtu akifungua kwenye kivinjari tovuti yenye kifuatiliaji cha Meta, kifuatiliaji kilipeleka kidakuzi chake kwa programu hizo, ambazo tayari zinajua jina la mwenye akaunti. Hali fiche haikusaidia, wala kufuta vidakuzi. Yandex ya Urusi ilitumia njia ya aina hiyo tangu 2017. Meta iliacha siku habari zilipotoka.

Google yenyewe ililaani utambuzi wa alama za vifaa, yaani kumtambua mtu kwa sifa za kivinjari na kifaa chake, mwaka 2019, na Januari 2020 ikaahidi kuviondoa vidakuzi vya kampuni za nje kwenye Chrome ndani ya miaka miwili. Februari 2025 ikalegeza masharti na kuwaruhusu watangazaji kutumia alama hizo, hatua ambayo mdhibiti wa taarifa wa Uingereza aliiita ya kutowajibika. Aprili mwaka huohuo ikatangaza kwamba vidakuzi hivyo navyo vitabaki.