Msokoto Uliohamia Karakana

Machi 1951 Rais Juan Perón alitangaza kwamba kwenye kisiwa cha Huemul, Argentina imefanikiwa kuunganisha viini vya atomi kama jua lifanyavyo. Mafanikio yalikuwa hewa. Lakini habari ilimfikia Lyman Spitzer, mwanaastronomia wa Princeton, akijiandaa kwenda Aspen kuteleza kwenye theluji. Huko, juu ya kiti kinachovutwa na kamba ya chuma kupanda mlima, aliwaza: gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi itahifadhiwa ndani ya nini?

Jibu lilikuwa sumaku, na hapo kuna mtego. Ukizungushia koili bomba lenye umbo la tairi, uga wa sumaku huwa mkali upande wa ndani na hafifu upande wa nje. Chembe chanya huchepukia juu, hasi chini, na umeme unaozuka kati yake huitupa gesi hiyo ya moto, yaani plazima, yote ukutani. Spitzer akalikunja bomba likawa tarakimu 8, ili chembe iliyopandishwa upande mmoja ishushwe upande wa pili. Mtambo huo akauita stelareta. Hadi leo sijaona hila ya fizikia iliyo nyepesi kuliko hiyo.

Maabara haikuwa nyepesi: plazima ilivuja kupita matarajio. Mwaka 1968, Novosibirsk, Wasovieti walieleza joto kubwa walilopata kwenye mtambo wa aina nyingine, tokamaki yao T-3. Mwaka uliofuata Waingereza wa Culham walikwenda na leza yao, wakapima, wakakiri ni kweli. Mwaka 1970 Princeton yenyewe ikaigeuza stelareta yake kubwa, Model C, kuwa tokamaki. Siwalaumu. Tokamaki huusokota uga kwa mkondo wa umeme unaopita ndani ya plazima, hivyo koili zake ni bapa na fundi hazimsumbui. Ila mkondo huo unaweza kukatika ghafla na kuuumiza mtambo.

Wajerumani na Wajapani hawakuiacha njia ya stelareta, ambayo huusokota uga kwa koili zenyewe. Kompyuta zilipopata nguvu, Wajerumani walianza na umbo la uga linaloshika plazima vizuri, kisha wakatafuta koili za kulizaa. Matokeo yako Greifswald: Wendelstein 7-X, iliyowashwa Desemba 2015, ina koili 50 zilizopindapinda, pamoja na 20 bapa. Fizikia ilipona, mzigo ukamwangukia fundi. Princeton ilijaribu mtambo wa aina hiyo, NCSX. Gharama zilipaa, mwaka 2008 ukafutwa.

Toki, Japani, walichagua koili mbili ndefu zinazouzunguka mtambo mzima kama hesi. Mtambo wao, LHD, ulianza kazi 1998, na koili hizo zilisukwa papo hapo kwa mashine maalumu. Nusu kipenyo cha duara lake ni mita 3.9. Kinu cha umeme walichokichora baadaye, FFHR-d1, ni mara nne ya hapo, mita 15.6.

Sababu kubwa ya ukubwa huo ni blanketi, tabaka la takriban mita moja linalonasa nyutroni zinazotoka kwenye plazima, kuzalisha fueli ya tritiamu na kuzikinga koili. Lazima likae kati ya koili na plazima, na upande wa ndani wa duara ndiko vitu hivyo viwili vinakokaribiana mno. Nyutroni zikilichakaza, vipande vyake vitatolewa kwa mikono ya mashine, kupitia nafasi ambazo koili zimeacha.