Mbolea ya Ruzuku: Nani Hasa Hufaidika Kisumu?

Sehemu kubwa ya mbolea inayotumika mashambani Kisumu hupitia hapa kwetu kwanza. Meli hutia nanga Kilindini, mzigo hushushwa, malori hupanda nao bara. Sisi wa Pwani huiona ikipita tu. Lakini pesa zinazoipunguzia bei zatoka kwenye kodi yetu sote, kwa hivyo si ufidhuli kuuliza zaishia kwa nani.

Ruzuku ya mbolea si pesa anazopewa mkulima mkononi. Serikali hulipa sehemu ya bei, na mkulima hulipa iliyobaki. Bei ilipopanda kwa vita vya Ukraine, mfuko wa kilo 50 ulifika shilingi 6,500. Septemba 2022 Rais Ruto alitangaza kwamba utauzwa 3,500, na Agosti mwaka uliofuata ukashuka hadi 2,500. Mkulima hujisajili kwa chifu, hutaja ekari zake, kisha hupokea ujumbe wa simu na kwenda kuchukua mbolea kwenye ghala la Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao.

Sasa tazama hesabu, maana mambo yote yamo humo. Idadi ya mifuko hufuata ukubwa wa shamba lililosajiliwa. Mama wa Nyakach mwenye ekari moja ya mahindi ahitaji mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia. Kwa bei hizo, ameokoa shilingi 8,000. Jirani yake mwenye ekari 20 huchukua mifuko 40 na kuokoa 160,000. Wote wametendewa sawa kwa mujibu wa kanuni, ila mwenye nacho ndiye aliyeongezewa zaidi.

Na huyo mama hata zile 8,000 hazipati zote. Lazima awe na shilingi 5,000 taslimu msimu unapoanza, wakati ambapo karo nayo yadaiwa. Kisha kuna nauli ya kwenda ghalani na ya kurudi na mzigo. Vituo vidogo vimeongezwa kupitia vyama vya ushirika, jambo la kushukuru, lakini mbolea ikichelewa wiki mbili baada ya mvua, unafuu wa bei haumfai kitu.

Haikuwa hivi siku zote. Mpango ulioanzishwa 2007 uliwalenga wakulima maskini, na kila mmoja alipewa mbegu na mbolea za kutosha ekari moja. Ulikuwa na kasoro zake, lakini angalau ulikuwa na kikomo. Mimi naona kikomo hicho chafaa kurudishwa, hasa sasa ambapo rejista ya ekari ipo tayari.

Kisha likaja la 2024. Waandishi wa habari walifichua mwezi Machi kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwa wakulima kama mbolea ya ruzuku ilikuwa bandia. Serikali iliahidi kuwafidia walionunua. Mwezi Mei Bunge la Taifa lilipiga kura kumng'oa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, lakini kamati maalumu ikasema tuhuma hazikuthibitishwa. Mwenye shamba kubwa aweza kustahimili msimu mmoja mbovu. Mwenye ekari moja hula kile alichopanda.

Wengi hulaumu ofisi ya kaunti. Ni kweli Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kilimo, lakini ununuzi na bei ya mbolea hii vimebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa, na maghala ni ya Bodi. Afisa wa kilimo wa Kisumu, kama yule wa Kilifi au Kwale, hana ufunguo wa ghala.

Kwa wakulima wetu wa Pwani, utaratibu ni uo huo. Nenda kwa chifu na kitambulisho na nambari ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, taja ekari zako halisi, na ukishanunua weka risiti pamoja na mfuko mtupu hadi uone mimea imeitikia.