Hali ya Pomboo Waliotiwa Bwawani

Mtu wa Magomeni, Mtwara, atakaye kumwona pomboo hana budi kwenda baharini. Huko, hata kufika Ghuba ya Mnazi na mlango wa mto Ruvuma, ambako serikali ilitenga Hifadhi ya Bahari mwaka 2000, pomboo huibuka kuvuta pumzi, kisha huzama akaenda zake. Amtazamaye hana uwezo wa kumzuia.

Kwingineko pomboo alizuiwa. Desturi ya kumweka katika mabwawa ya maonyesho ilipata nguvu mwaka 1938, Marine Studios ilipofunguliwa huko Florida, Marekani. Baadaye ilienea Ulaya na Asia. Na mwaka 2007 pomboo 28 walichukuliwa Visiwa vya Solomon wakapelekwa Dubai, mji unaojulikana sana na wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki.

Hapo kwanza swali la wafugaji lilikuwa moja: je, ataishi? Akila na kuzaa, waliridhika. Tena uso wake uliwadanganya watazamaji, maana mdomo wa pomboo umeumbwa mfano wa mtu anayetabasamu, na hata akiugua umbo lile halibadiliki. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwaka 1965 kamati ya Brambell, iliyochunguza mifugo ya Uingereza, ilieleza kwamba hali njema ya mnyama ni ya mwili na ya nafsi pia. Fikira hiyo ilikawia kufika mabwawani. Mwaka 2015 Isabella Clegg na wenzake walitoa kipimo cha pomboo kiitwacho C-Well, chenye mambo 36 ya kuchunguzwa, yahusuyo chakula, makazi, afya na mwenendo. Ndipo ilipowezekana kuulizana kwa utaratibu, si kama pomboo yu hai tu, bali anaishije.

Hata hivyo kipimo hicho kina mpaka wake. Pomboo akiwapita wenzake wa bwawa jingine, haijathibitika kwamba bwawa lamfaa. Imethibitika tu kwamba ana nafuu kuliko wafungwa wengine. India ilikataa mabwawa hayo mwaka 2013, na Kanada ikapiga marufuku mwaka 2019.

Wala isidhaniwe kwamba bahari haina shida. Kizimkazi, Unguja, pomboo waliwindwa wawe chambo cha papa hata miaka ya 1990. Watalii walipozidi, mashua zao zikawakatiza mapumziko. Mwaka 2006 kiasi cha pomboo 400 walikufa Nungwi. Mtwara nayo iliteswa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti. Watetezi wa mabwawa huzitaja hatari kama hizo, nao hawasemi uongo. Lakini baruti yaweza kukomeshwa na mashua zikatiwa adabu, pomboo akabaki na bahari yake yote. Bali ufinyu wa bwawa hauondoki kwa ulinzi mwema.

Basi apimaye pomboo wa bwawani hana budi kumjua kwanza yule wa baharini: huenda na wenzake wangapi, huzama kwa muda gani, huwinda maji yakijaa au yakitoka. Elimu hiyo haipatikani kando ya bwawa. Wavuvi wa Mtwara wanayo sehemu yake, nao wanastahili kuulizwa.