Sekunde ya 61

Nilituma fomu saa tano na dakika hamsini na tisa usiku. Najua kwa sababu nilikuwa nimekodolea macho saa ya simu. Mtandao wa hosteli ukasuasua, ukurasa ukazunguka weee, halafu ukaniambia muda umekwisha. Kwenye rekodi ya chuo nilikuwa nimefika saa sita na sekunde moja. Asubuhi nikampelekea karani picha ya skrini. Akaitazama kidogo tu. "Kijana, mfumo ndio unajua saa."

Sikuacha chuo kwa sababu ya sekunde hiyo. Karo ilikuwa imeshanilemea. Lakini maneno ya karani yalinikaa. Huo mfumo, saa yake unaipata wapi?

Zamani jibu lilikuwa angani. Saa ya Kiswahili bado inafuata hesabu hiyo: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, saa moja baadaye ni saa moja. Hata sekunde ilikuwa kipande cha siku, fungu moja kati ya 86,400. Shida ni kwamba dunia haizunguki kwa mwendo mmoja. Bahari zinazovutwa na mwezi huipunguza kasi, na kuna miaka inakimbia kidogo. Mwaka 1967 wanasayansi wakaacha kuitegemea. Sekunde ikapimwa upya kwa atomu ya seziamu: mitetemo 9,192,631,770, basi.

Sasa kukawa na saa mbili, ya atomu na ya jua, na taratibu zikaanza kuachana. Mwaka 1972 mapatano yakaanza kutumika. Saa rasmi ya dunia, yaani UTC, ingefuata atomu lakini isiliache jua kwa sekunde nzima. Ikikaribia hapo, sekunde moja inaongezwa. Tangu wakati huo zimeongezwa 27, zote mwishoni mwa Juni au Desemba. Na si kama Februari 29, ambayo unaweza kuijua miaka mia mapema. Sekunde hii hutangazwa miezi michache tu kabla, na taasisi iliyoko Paris inayofuatilia mzunguko wa dunia.

Kompyuta hazikuandaliwa kwa mgeni huyu. Nyingi huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, zikiamini kila siku ina 86,400 kamili. Dakika yenye sekunde 61 haina pa kukaa, kwa hiyo sekunde moja huhesabiwa mara mbili.

Hifadhidata nazo kila moja ina majibu yake. Ukiiandikia PostgreSQL 23:59:60, inapokea kwa adabu, halafu inaigeuza kuwa 00:00:00 ya siku inayofuata. MySQL ikiulizwa ni saa ngapi wakati huo, inajibu 23:59:59. Oracle inakataa kabisa: sekunde ni kati ya 0 na 59. Sasa tuseme chuo changu kingekuwa London, na fomu yangu ingetua kwenye sekunde hiyo ya mwisho wa Desemba. Kwa MySQL nimewahi. Kwa PostgreSQL nimechelewa. Kwa Oracle, sijafika popote.

Wenye seva walilijua jambo hili kwa uchungu. Sekunde ya Juni 30, 2012 ilipoongezwa, hapa kwetu ilikuwa karibu saa tisa usiku, Jumapili. Kosa lililojificha ndani ya Linux likaamka. Programu za Java na hifadhidata za MySQL zikawa zinashtuka na kuzunguka bure, zikila nguvu za mashine. Reddit ikaanguka. Australia, abiria wa Qantas wakakwama kwa sababu mfumo wa kuwasajili ulikuwa umelala. Na dawa? Kwa seva nyingi ilitosha kuiweka saa upya.

Google walikuwa wamebuni ujanja wao: kupunguza mwendo wa saa zao kidogo kidogo, kwa masaa mengi, mpaka sekunde imezwe bila mtu kushtuka. Lakini hapo katikati saa zao haziko sawa na saa rasmi. Halafu usiku wa kuamkia Januari 1, 2017, wengine wetu tukiwa bado tunacheza, sekunde ya 27 iliongezwa. Programu moja ya Cloudflare ilitoa hesabu ya muda ikapata namba hasi, na baadhi ya tovuti zikapotea. Aliyeiandika aliamini saa hairudi nyuma.

Novemba 2022, karibu na Paris, mataifa yakakubaliana: kufikia mwaka 2035, pengo kati ya atomu na jua litaruhusiwa kukua kuliko sasa. Yaani programu zimeshindwa kuizoea saa, basi saa ndiyo itabadilika.

Si mara ya kwanza. Nilipofungua orodha ya saa za maeneo ambayo kompyuta hutumia, nikaona Nairobi iliwahi kuwa mbele ya Greenwich kwa masaa mawili na nusu, kisha mawili na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye matatu. Jua halikusogea. Watu waliketi ofisini wakaamua.

Nikikutana na yule karani sitabishana naye. Nitamuuliza tu: mfumo wenu unafuata saa ya nani, na ikikosea, tunamwendea nani?