Utapiamlo wa wajawazito

Utapiamlo wa mjamzito ni hali ya mwili wake kukosa nishati, protini, vitamini au madini ya kutosha kwa ajili yake na kwa mimba aliyobeba. Si rahisi kuutambua kwa macho, maana tumbo linalokua huficha mwili unaokonda; kwa hiyo kliniki hupima mzingo wa mkono na wingi wa damu. Himoglobini ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, mama huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu, na nchini Tanzania utafiti wa kitaifa wa 2015-16 uliwakuta wajawazito 57 katika kila 100 wakiwa hivyo. Wengi hukimbilia kusema chanzo ni uhaba wa chakula. Lakini Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha sehemu kubwa ya nchi kwa mahindi, ndiyo iliyoongoza kwa udumavu wa watoto katika utafiti wa 2022. Iringa pekee, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Udumavu haumpimi mama moja kwa moja, ila sehemu yake huanzia tumboni, na ghala lililojaa halikuuzuia.

Mtu anaweza kupinga kwa kutaja vijiji vya eneo la Keneba, nchini Gambia, ambako wajawazito walipewa biskuti zenye nishati nyingi na matokeo kuchapishwa mwaka 1997. Watoto walizaliwa na uzito zaidi, na waliofia tumboni wakapungua. Basi si chakula tu kilichokosekana? Tuangalie misimu. Baada ya mavuno nyongeza ilikuwa gramu 94 hivi. Kati ya Juni na Oktoba ilifika 201. Miezi hiyo ya mvua akiba ya nafaka huwa imekwisha, malaria imepanda, na wanawake wako shambani wakilima na kupalilia. Mizani ya mjamzito ina pande mbili, kinachoingia na kinachotoka, na mipango mingi ya lishe huhesabu upande mmoja tu. Jembe, ndoo ya maji na mzigo wa kuni hula nishati ileile ambayo ugali umeleta, huku malaria na safura zikimaliza damu.

Mila nazo hulaumiwa kupita kiasi. Ni kweli kuna mahali mjamzito hukatazwa mayai kwa madai kwamba mtoto atazaliwa bila nywele, na katazo hilo linamnyima protini. Hata hivyo, katika nyumba ambayo kuku huuzwa ili kulipa ada ya shule, yai lisingemfikia hata lingeruhusiwa. Wanaojinyima chakula makusudi ili mtoto asiwe mkubwa nao wana hofu yenye msingi pale ambapo chumba cha upasuaji kiko mbali. Elimu ya lishe peke yake haiwezi kuiondoa.

Umri huzidisha tatizo, kwa kuwa msichana ambaye bado anakua hugombea virutubisho na mimba yake. Mwaka 2022, takriban 22% ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata mimba. Vidonge vya kuongeza damu husaidia, lakini asidi ya foliki iliyomo ndani yake inahitajika mapema mno: mfereji wa neva wa kijusi hufunga takriban siku ya 28 baada ya mimba kutunga, wakati wanawake wengi bado hawajajua kuwa ni wajawazito.