Fimbo Moja ya Kilima cha Kanaya

Tangu Machi 2015, treni ya mwendokasi itokayo Tokyo husimama kituo cha Joetsumyoko, mkoani Niigata. Majira ya baridi wageni hushuka hapo na mifuko yao mirefu ya skii, wakapanda mabasi kwenda milima ya Myoko. Wachache mno hugeukia upande wa pili, ulipo mji wa zamani wa Takada, dakika chache tu kwa treni ya kawaida. Magharibi mwa mji huo kuna kilima kiitwacho Kanaya. Urefu wake haufiki hata mita 200. Kina lifti chache, jumba dogo la makumbusho, na sanamu ya mzungu aliyevaa sare za jeshi, fimbo moja mkononi. Inaniuma kuona kilima hiki kinapitwa hivi, maana Wajapani walijifunza kuteleza juu ya theluji hapa Takada, na ubishi kuhusu jinsi walivyojifunza haujamalizika.

Takada yenyewe ni mji wa ngome. Matsudaira Tadateru, mtoto wa mtawala wa Japani Tokugawa Ieyasu, aliijenga ngome hiyo mwaka 1614. Lakini mtawala wa kweli wa mji huu siku zote amekuwa theluji. Pepo za baridi kutoka Siberia huvuka Bahari ya Japani, zikabeba unyevu na kuumwaga zikikutana na milima. Tarehe 26 Februari 1945 kituo cha hali ya hewa cha Takada kilipima theluji ya sentimita 377. Ndiyo maana nyumba za kale zina upenu mpana unaoelekea barabarani, unaoitwa gangi. Kila mwenye nyumba aliujenga kwa gharama zake, juu ya ardhi yake mwenyewe, na penu hizo zilipounganika zikawa njia ya watu wote. Watu wa mji huu walikwisha kuzoea kutoa cha kwao kwa ajili ya wapita njia, na nadhani jambo hilo lina uzito katika yaliyofuata.

Mwaka 1908 Divisheni ya 13 ya jeshi ililetwa Takada. Mwishoni mwa 1910 akafika Japani Meja Theodor von Lerch wa Austria-Hungaria, yule mzungu wa sanamu. Hapo ndipo wasimulizi wengi wanaponipotezea subira. Husimulia kana kwamba aliitwa kuja kuwaokoa Wajapani na theluji. Huanza na msiba wa mlima Hakkoda wa Januari 1902, ambapo askari 199 kati ya 210 walikufa kwenye dhoruba, kisha wakaruka moja kwa moja hadi Takada, kana kwamba Lerch ni daktari aliyetumiwa gari. Kati ya matukio hayo mawili kuna miaka tisa. Lerch alikuja kulichunguza jeshi lililoishinda Urusi mwaka 1905. Mwanafunzi ni yeye. Kamanda wa divisheni, Jenerali Nagaoka Gaishi, ndiye aliyegundua kwamba mgeni wake ana ujuzi wa kuteleza kwa skii, akaamua usipotee bure. Kumbukumbu ya Hakkoda ilimsukuma, sikatai, lakini sifa ya kuiona nafasi na kuishika ni ya Nagaoka.

Tarehe 12 Januari 1911, somo la kwanza lilifanyika. Hata hapa simulizi zimekosea: maofisa wa Rejimenti ya 58 walizifunga skii zao kwanza kwenye uwanja wa kambi, si kilimani. Kanaya ilifuata, walipohitaji mteremko. Leo tarehe hiyo ndiyo Siku ya Skii nchini Japani.

Wanaopinga kwamba Wajapani walijifunza skii Takada wana hoja zao. Wanasema Waainu, wenyeji wa kisiwa cha Sakhalin, walikuwa na skii zao miaka mingi kabla, na msafiri Mamiya Rinzo aliandika habari zao mwanzoni mwa karne ya 19. Wanasema Hans Koller, mwalimu Mswisi, aliwaonyesha wanafunzi wa Sapporo skii mwaka 1908. Yote ni kweli, na mtu wa Takada akiyakana anajidhalilisha. Lakini kuna tofauti kati ya kukionyesha kitu na kukifundisha kwa utaratibu wa hatua kwa hatua, mpaka mwanafunzi aweze kumfundisha mwingine. Mafunzo ya Takada yalitoka kambini katika majira yaleyale ya baridi. Klabu ikaanzishwa mwaka 1911. Walimu wa shule wakaja kujifunza, na zipo picha za wanawake wa mji wakiwa wamevaa hakama, vazi la kijadi la Kijapani, wamesimama juu ya mbao ndefu, fimbo moja kwa kila mmoja.

Fimbo hiyo moja ndiyo iliyoiletea Takada dharau. Lerch alikuwa mwanafunzi wa Mathias Zdarsky wa Lilienfeld, huko Austria, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1896 na kugombana na wafuasi wa Wanorwei kwa miaka mingi. Skii za Wanorwei zilikuwa ndefu, zenye mfereji chini, nzuri kwa mabonde na vilima vya taratibu. Za Zdarsky zilikuwa fupi zaidi, chini hazina mfereji, na kiatu kilikalia bamba la chuma lenye springi, ili mguu usiyumbe kwenye mteremko mkali. Mkononi fimbo moja ndefu, inayochomekwa upande wa kugeukia kama mvuvi anavyochomeka upondo kuugeuza mtumbwi. Maadui wakadai kwamba wanafunzi wake wanaikalia fimbo kama breki. Zdarsky mwenyewe alilikataza jambo hilo. Mwaka 1905 Mnorwei Hassa Horn alikwenda Lilienfeld kujionea, akakiri kwamba mbinu ile inaifaa milima ya Alpi.

Huko Japani ugomvi huo ulirudiwa. Mwaka 1923 mashindano ya kwanza ya kitaifa yalifanyika Otaru, Hokkaido, na fimbo mbili za mtindo wa Wanorwei zikatawala. Tangu hapo vitabu vingi huitaja Takada kwa huruma, kama mji uliofundishwa vibaya. Ni hukumu ya haraka. Fimbo ilikufa, lakini moyo wa mbinu haukuwa kwenye fimbo. Ulikuwa kwenye miguu: kuzisukuma nje ncha za nyuma za skii, kupunguza mwendo, kisha kugeuka. Mwaka 1930 Mwaustria Hannes Schneider alikuja Japani kufundisha, na somo lake lilijengwa juu ya msingi huohuo. Mtoto anayepanda skii leo kwa mara ya kwanza, iwe kwenye vituo vya skii vya Hakuba au Nozawa, huambiwa afungue visigino na kukutanisha ncha za mbele. Maofisa wa Takada walilijifunza hilo mwaka 1911.

Lerch alihamia Asahikawa mwaka 1912, akapanda mlima Yotei, akarudi kwao, na akafariki Vienna mwaka 1945. Takada iliungana na Naoetsu mwaka 1971 ikawa jiji la Joetsu. Watelezaji walihamia milima mikubwa. Kila Februari wapenzi wa mbinu ya kale bado hushuka Kanaya kwa fimbo moja, wamevaa mavazi ya enzi hizo.

Shida ya sasa ni theluji yenyewe. Majira ya baridi ya 2019 hadi 2020 ilikuwa haba mno katika sehemu kubwa ya Japani, na kilima kifupi kama hiki ndicho cha kwanza kuumia. Kukipima kwa tiketi za lifti peke yake ni kukihukumu kifo. Kitunzwe kama ngome ya Tadateru inavyotunzwa, theluji iwepo isiwepo. Na wewe unayekwenda Myoko, kabla ya kupanda basi, ipe Takada nusu siku: pita chini ya gangi, ingia makumbusho uzione zile skii zenye bamba la chuma, kisha panda Kanaya.